Nilifanya mazoezi ya besi kwenye mlango wa watu Nandagala, mbaazi zikaungua jikoni

Wakuu, nawasalimu kutoka Nachingwea.

Juzi kuna mdau aliuliza humu: "Nina gitaa la besi, sina amp, nafanyaje mazoezi?" Niliandika jibu la mistari mitatu, nikalifuta. Nikaandika tena, nikafuta tena.

Jibu ninalo, tena zuri. Tatizo ni kwamba kila nikilitoa linakuja na mambo ya Nandagala, na hayo sijamsimulia mtu. Leo naweka yote. Chumvi sitatia, na mahali nisipoelewa nitasema sielewi.

Kwanza mnijue kidogo. Shule niliacha kidato cha pili. Sikufukuzwa. Niliona basi limesimama stendi nikataka kujua linaishia wapi. Tangu hapo ni mimi na besi: baa, harusi, kwaya. Mimi ni Mzigua na Muislamu, lakini kwaya za Kikatoliki nimezipigia nyingi, maana wapiga besi huku kusini ni wachache na wenye kwaya hawaulizi dini. Wanauliza kama unafika kwa wakati.

Nina tabia moja. Kwenye kifuniko cha kasha la gitaa, kwa ndani, naandika kila mji niliopiga, na mwezi au sikukuu, na mwaka. Sijui kwa nini nilianza. Labda nilitaka kuwe na kitu kinachokumbuka nilipopita.

Basi, nilikuwa hapa Nachingwea napiga na bendi ya baa. Mchana mmoja akanifuata mzee mfupi na pikipiki, miwani imefungwa kwa uzi. Mwalimu wa kwaya kutoka Nandagala, upande wa Ruangwa. Tumwite Mwalimu Ditriki.

"Wewe ndiye Mzigua wa besi?"

"Ndiye mimi, Mwalimu."

"Unapiga kwa vidole au kwa mdomo? Maana Wazigua nawajua."

Nikamwambia apande jukwaani ajaribu yeye. Akacheka, akaeleza shida yake. Kwaya ilikuwa na mpiga besi, Longino. Miaka sita iliyopita alikwenda kwenye machimbo ya Tunduru, shimo likaporomoka, mwili haukupatikana. Tangu hapo kwaya inaimba bila besi. Jumamosi ilikuwa misa ya kumwombea, na waliona si vizuri kumwimbia misa yenye pengo lake mwenyewe.

Nikakubali. Jumatano nikafika Nandagala.

Nikapangiwa chumba kwa Bi Gaudensia, mama yake Longino. Nilimuuliza Mwalimu, "Chumba kilikuwa cha nani?" Akasema, "Chumba tu."

Hapa kidogo niseme la kazi, kwa wanaotaka kupigia kwaya. Kwaya si bendi. Ukijaza noti kila mahali unawanyima watu pumzi. Sikiliza wanapovuta hewa, hapo unyamaze. Kick ya drum, ile ngoma ya mguu, ikigonga, gonga nayo. Sauti ya tatu ikishuka, usishindane nayo. Na nyuzi zikizeeka, zivue uzichemshe kwenye sufuria dakika chache, uzikaushe vizuri. Zinafufuka. Si milele, lakini misa moja zinafika.

Lakini kwaya ile ilikuwa na jambo. Tulipojaribu wimbo wa kwanza, kila mwisho wa ubeti walisimama. Mapigo mawili, kimya, kisha wakaendelea wote kwa pamoja. Kwenye karatasi hakuna kituo hapo. Nikamuuliza Mwalimu wanangoja nini.

"Longino alikuwa anaweka kitu chake hapo," akasema. "Nimewakataza miaka sita. Miili yao haisikii."

Sikumuuliza ni kitu gani. Ningemuuliza, nisingeandika uzi huu.

Mambo ya nyumbani nilielezwa na Hilda, dada yake Longino, anayeishi na mama yake. Bi Gaudensia Kiswahili anakiweza kidogo, mengi anasema kwa Kimwera. Msiba ulipokuja alikataa kunyoa nywele. Akasema hajaonyeshwa maiti, atamlilia nani? Miaka sita anapika chakula na kufunika sahani moja zaidi, ya Longino.

Sasa mjomba wao, ambaye kwa desturi ya huku ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, alikuwa ameamua. Jumamosi, baada ya misa, mama atanyolewa, na jina la Longino atapewa mtoto mchanga wa Hilda. Mtoto alikuwa anaitwa Mgeni tu, akisubiri.

"Na mama anasemaje?" nikamuuliza Hilda.

"Anasema jina likishapewa mtu, mwenyewe hana pa kurudia. Mjomba anasema ndiyo maana tunalitoa. Ili apumzike, na sisi tupumzike."

Alhamisi saa tisa alasiri umeme ukakatika kabla hatujaanza mazoezi. Mwalimu akatuambia tuje kesho. Nikarudi chumbani. Sipendi siku ipite bila kupiga.

Sasa mdau, jibu lako ni hili. Kaa kitandani au kwenye kiti karibu na mlango wa mbao. Kichwa cha gitaa, pale penye vifunguo vya kukazia nyuzi, kiegemeze kwenye ubao, ukikandamiza kidogo. Piga. Mlango wote utaimba. Kabati nalo linafaa. Mlango wa bati usijisumbue nao. Mlango wa mninga, kama ule wa Bi Gaudensia, unatoa sauti nzito hadi unaisikia kifuani.

Hii sikuibuni. Nilifundishwa Tunduru.

Nilifika Tunduru kipindi cha sikukuu. Ukumbi niliotumwa umefungwa, mji kimya. Stoo ya nyuma nikamkuta jamaa amekaa juu ya gunia na besi ya ukumbi mapajani, kichwa cha gitaa amekiegemeza mlangoni, anapiga. Suruali ina udongo mwekundu hadi kiunoni, na ulikuwa bado mbichi. Nikajua ni mchimbaji. Nikamuuliza mbona hachomeki kwenye amp, ipo pale. Akasema, "Leo hatuwashi." Nikadhani mwenye ukumbi amekataza.

Tukakaa hadi jioni. Akanifundisha kifungu kimoja kifupi. Noti nne zinashuka, kimya cha mapigo mawili, halafu ya tano inakuja imechelewa, kama mtu aliyetoka nyumbani akakumbuka kitu akarudi. Kukipata nilitumia saa mbili.

Mwenye ukumbi akatuletea sahani mbili za wali na samaki. Jamaa akaisukuma yake kwangu. "Kula wewe." Nikala zote mbili.

Tulipoagana akaniambia, "Hiki kipige popote. Ila ukifika kwetu usikipige mlangoni."

"Kwenu wapi?"

Akacheka. "Mama ataacha chungu jikoni."

Jina sikumuuliza. Kifungu kikawa changu, nikakipiga mikoa sita.

Turudi Nandagala. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikaegemeza kichwa cha gitaa mlangoni, kikazama. Kwenye ubao palikuwa na kishimo, kimelika laini kama shimo la bao la zamani, kwa urefu uleule hasa. Nikafikiri ni pa kitasa kilichong'olewa.

Nikapiga nyimbo za kwaya. Nikafika mwisho wa ubeti, pale wanaposimama, na vidole vyenyewe vikaingia kwenye kifungu cha Tunduru.

Wakuu, kilikaa. Mapigo mawili yaleyale. Kama ufunguo kwenye kufuli yake.

Nikarudia. Mara ya tatu, noti ya tano haikutoka. Yaani niliipiga, lakini ubao ukafa ghafla, kama ngoma inapobanwa kwa kiganja.

Upande wa pili wa mlango kulikuwa na mikono.

Nikatulia. Nikasikia harufu ya mbaazi zinaungua. Kisha sauti ya mama, pole kabisa, maneno mawili matatu ya Kimwera. Sikuyaelewa, ila "Longino" niliisikia.

Nikafungua. Bi Gaudensia alikuwa amesimama, viganja bado viko hewani mlango ulipokuwa. Aliponiona hakupiga kelele. Alinishika mkono wa kushoto, akavipapasa vidole, akauachia.

Hilda akaja mbio kutoka jikoni na chungu kinatoa moshi. Nikamuuliza mama kasema nini mlangoni.

"Amekuuliza kama umekula."

Nikawaeleza habari ya mtu wa Tunduru na kifungu chake. Pale uani, jua linawaka, kuku wanapita miguuni. Nikaleta kasha, Hilda akasoma kifuniko: Tunduru, wiki ya Pasaka, na mwaka. Akahesabu kwa vidole. Habari ya shimo ilikuja Jumatano ya Majivu, mwaka huohuo. Wiki kadhaa kabla ya Pasaka hiyo.

Yaani nilifundishwa na mtu aliyekwisha kufa. Au hakufa.

Mjomba akaitwa. Alisikiliza amesimama, fimbo kwapani. Akanivuta pembeni kwenye mikorosho.

"Wewe ni mpita njia. Jumapili utapanda gari. Huyu mama atabaki anafunika sahani hadi anaingia kaburini. Mwambie umekosea."

"Sijakosea, mzee."

"Sijakuuliza kama umekosea."

Tuliporudi, Bi Gaudensia alikuwa amekaa mkekani, amenyoosha miguu. Akasema kitu kifupi. Hilda akanitafsiria.

"Anauliza, huyo mtu ulimwona akila?" Akaongeza kwa sauti ya chini, "Bibi yetu alikuwa anasema mfu anaweza kutembea na anaweza kuongea, ila chakula hagusi. Ukisema alikula, mjomba hapati kitu Jumamosi. Ukisema hakula, basi."

Mjomba akanitazama. Hilda akatazama chini. Mama akatazama mdomo wangu.

Wakuu, nimepiga mbele ya watu wengi, sijawahi kuogopa kama pale. Nilitamani kusema alikula. Uongo mdogo, wa wali na samaki. Lakini nilikuwa nimeahidi moyoni nitasema nilichokiona, na nilichokiona ni sahani ikisukumwa.

"Hapana, mama. Sikumwona akila."

Hakulia. Alivua kilemba taratibu, akakikunja mara mbili, akaomba wembe. Hakungoja Jumamosi.

Misa ilikuwa nzuri. Mwisho wa kila ubeti kwaya ilisimama, na mimi nikaweka kifungu pale. Watu walivuta pumzi kwa pamoja, kanisa zima, nikaisikia kama upepo unapita. Baadaye nyumbani mjomba akampakata mtoto akamwita Longino mara tatu, na mtoto mara ya tatu akageuka. Bi Gaudensia akala. Hilda aliniambia hajamwona akimaliza sahani kwa miaka mingi. Usiku ule hakufunika sahani ya ziada.

Nikajisemea, kumbe ukweli ni dawa.

Jumapili Mwalimu Ditriki akanipakia kunirudisha Nachingwea. Njiani anapiga soga, upepo unapeleka nusu ya maneno.

"Pasaka uje utupigie. Ila njoo Jumamosi. Ukija Ijumaa Kuu utashinda na njaa, Mzigua wewe. Siku hiyo tumefunga, na vyombo hatuwashi kabisa, hata spika."

Nikamwambia asimamishe pikipiki.

Leo hatuwashi.

Mji kimya, ukumbi umefungwa. Mimi Muislamu mzururaji niliandika "wiki ya Pasaka" kwenye kasha, siku sikuandika. Na siku ile ilikuwa Ijumaa, nakumbuka, kwa sababu nilikuwa nimetoka msikitini ndipo nikaenda ukumbini.

"Mwalimu, Longino alikuwa anafunga?"

"Longino? Huyo Ijumaa Kuu hata maji hanywi. Ilikuwa inabidi nimshikilie asidondoke." Akageuka. "Kwani vipi?"

Nikasema, "Hakuna. Twende."

Hilo ndilo kosa langu, wakuu. La mkekani silihesabu, pale nilisema nilichokijua. La barabarani ndilo linaloniamsha.

Sasa ni wiki ya tatu niko hapa. Kila nikijaribu kupanga, haipangiki. Kama alikuwa mfu, udongo ule mbichi unaeleweka, sahani inaeleweka, nami niliwasaidia. Kama alikuwa mtu hai aliyefunga, aliyetoka shimoni akaamua kwao asirudi kwa sababu anazozijua yeye, basi nimesaidia kumzika. Mama amenyoa. Anakula. Jina lina mwenyewe mwingine, ananyonya.

Niliyojifunza ni mawili. Mwanamuziki akikufundisha kitu, muulize jina, na utaje jina lake kila unapokipiga. Tunaokota vifungu vya watu kama maembe ya njiani, tunasahau kuna mti. Na la pili, ukisema ukweli hakikisha umeumaliza. Ukweli wa nusu unanyoa nywele za mtu.

Mdau wa amp, njia ya mlango inafanya kazi, itumie. Ila kabla ya kuegemeza, papasa ubao kwanza.

Wenzangu, nipeni mawazo, hasa Wakatoliki na wenyeji wa Ruangwa. Nirudi Nandagala nikamwambie mama? Au nimwache na amani yake? Andikeni leo, maana kesho asubuhi naondoka kwenda Masasi, halafu Tunduru. Nataka kumtafuta yule mtu wa stoo.

Na nikimkuta, sijui nitamwitaje.