Macho Mekundu ya Baba wa Bibi Harusi

Mazin aliuza udi na marashi mtaani Mlandege, na maishani mwake hakuwahi kuonja kileo. Heshima yake aliilinda kuliko duka. Ndiyo maana dawa ya macho ilimtesa.

Alipokwisha pigwa leza macho, daktari alimpa dawa ya matone, atie asubuhi na jioni ili presha ya macho isipande, akamuonya asiikatize. Dawa ilifanya kazi yake, ila iliyaacha macho mekundu. Mteja mmoja akamtania, "Bwana Mazin, jana ulikesha wapi?" Watu wakacheka, naye akacheka nao, kisha akarudi nyumbani moyo unamuungua.

Na ndiyo kwanza anajitayarisha kumuoza bintiye, Kawthar, kwa watu wa dini wa Fumba. Baba ndiye mwenye kuozesha: atashikana mkono na bwana harusi, msikiti mzima unamtazama. Ataukalia vipi mkeka wa ndoa na macho ya mlevi? Akaiacha dawa. Kawthar akimuuliza, humjibu, "Nshatia, mwanangu." Mficha uchi hazai, lakini nani angemwambia, na hakuna aliyejua?

Siku ya ndoa macho yalikuwa meupe pe. Kichwa kilimgonga, mbele yake ukungu, na kila taa ina duara la rangi. Sheikh alipomwambia atoe mkono, Mazin akaushika wa baba yake bwana harusi. Watu wakaguna. Ridhwan, bwana harusi mwenyewe, akauchukua taratibu mkono wa mkwewe akautia katika wake.

Asubuhi yake maharusi wakampeleka hospitali. Daktari akauliza kama dawa ilitiwa.

"Kila siku," Kawthar akamjibia, hina bado haijapauka mikononi. "Baba yangu hasemi uongo."

Mazin alitamani ardhi ipasuke immeze. Daktari akasema basi dawa imeshindwa, itabidi apasuliwe.

"Sikutia," Mazin akasema. "Nlichelea wakwe wasije wakaniona mlevi."

Ridhwan akainamisha kichwa. "Baba, sote tulikuwa tunajua kuwa wekundu ule ni wa dawa. Kawthar alitwambia tangu siku ya posa. Mama yangu naye anatia dawa hiyohiyo."

Hakuna aliyemlaumu, na aibu ikamzidi kwa hilo. Daktari akasema presha wataishusha, ila nuru iliyokwisha potea hairudi.

Kawthar akakifungua kichupa cha dawa. "Inua kichwa, baba."

Akainua kichwa, lakini macho akayafumba, hawezi kumtazama. Binti akasubiri, tone likining'inia, mpaka baba yake alipoyafumbua.