Televisheni ilimpaka hina mjane, kisha ikaliweka jina langu chini yake

Wakuu, salaam. Haya yamenipata hapa hapa Malindi na sitatia chumvi. Uzi huu nimeuandika nikaufuta mara nyingi, maana mimi ni mtu wa kuogopa hata neno moja likikaa upande. Leo hasira imeushinda woga. Upokeeni ulivyo.

Mimi ni mchoraji wa hina. Nilijifundisha mwenyewe. Jani likipinda, nafuta lote naanza upya. Wateja wengine wamenikimbia kwa tabia hiyo.

Likaja kundi la kurekodi tamthilia ya televisheni. Wakaniita nimchore bi harusi. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamchora, wakasifu.

Kesho yake wakaniletea mwigizaji mwingine. Huyu ni mjane, mumewe kafa juzi, yuko eda.

"Mjaze mpaka viwikoni," akasema director.

"Kaka, mwenye eda hapaki hina. Wala wanja, wala manukato. Ndiyo eda yenyewe hiyo."

Akacheka. "Dada, mtazamaji anataka kumwona mwanamke wa Pwani. Bila hina na macho ya kulegea atamjuaje?"

Hapo nisimame kidogo, wakuu.

Mimi nimekulia mbele ya hiyo televisheni. Nikiwa msichana nilikuwa najifungia chumbani nikijifunza kunong'ona kama wanawake wa Pwani niliowaona humo, kwa kuwa sauti yangu ni nene na niliamini nina kasoro. Mimi, mzaliwa wa Malindi, nafundishwa na skrini kuwa mwanamke wa Malindi!

Nyumbani kwetu hakuna anayenong'ona. Khalati Rukia, mdogo wa mama, anauza samaki sokoni, na akiita mteja, wenye tuktuk barabarani wanageuka. Mwanamke kama yeye sijamwona kwenye tamthilia hata siku moja. Humo sisi tunajifukiza udi, tunabembeleza waume, tunanyang'anyana waume. Kazi hatuna.

Na wakati huo khalati mwenyewe alikuwa ndani, kakalia eda ya mumewe. Ningemtazamaje? Nikakusanya vitu vyangu nikaondoka.

Siku tamthilia iliporushwa, nyumba yetu ilijaa. Mjane akatokea, hina mpaka viwikoni, anamlilia marehemu huku anamrembulia macho shemeji yake. Kumbe walimpata mtu mwingine wa kumpaka.

Kisha majina yakapita. Mchoraji wa hina: jina langu, kamili. Walinitaja kwa yule bi harusi, lakini nani angejua?

Jirani yetu Bi Zuhura akamgeukia khalati. "Ehe, Rukia! Wenzio eda wanang'ara, wewe umekaa kama mkeka uliosahauliwa uani. Na fundi unaye nyumbani!"

Watu wakacheka. Bi Zuhura mwenyewe alishakaa eda, anajua sheria zote. Lakini skrini ikishasema, hata ajuaye anajisahau.

Khalati hakucheka. Alinitazama mimi. "Kumbe ndiyo kazi uliyokwenda kufanya? Kuichezea eda?"

Nilijieleza, hakuniamini. Tangu siku hiyo nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba bila kuinua uso. Na ndiye mtu wa kwanza aliyenipa mikono yake nijifunzie, wakati maua yangu yalifanana na kamba mbichi!

Nikampigia director. Mnajua alinijibu nini? "Umepata jina bure, walalamikia nini?"

Jina bure! Jina langu mwenyewe!

Baada ya siku kadhaa kipindi kikarudiwa mchana. Nilikuwa jikoni, nikasikia khalati ananiita. Nikamkuta ameinamia skrini.

"Hili jani limepinda," akasema. "Na hili. Na hapa hina imevuja. Wewe ungekwisha kulia na kufuta lote."

Akainua uso, akanitazama.

"Huu si mkono wako, mwanangu. Nisamehe."

Nikalia kweli.

Eda ilipokwisha alikuja kuninyooshea mikono. "Maua ya televisheni sitaki. Nipake kucha na viganja, basi. Kesho narudi sokoni."

Asubuhi yake nilikwenda sokoni, nikamsikia kabla sijamwona, anaita wateja kwa ile sauti yake. Nikamjibu kwa yangu, nene vile vile. Watu waligeuka. Wageuke!

Nililojifunza: ukiwafanyia kazi hawa watu, waulize mapema jina lako litakaa chini ya nini. Mimi sikuuliza.

Dada zangu mliomo humu, nanyi semeni: televisheni iliwapa kasoro gani ambayo hamkuzaliwa nayo? Na akina kaka, kabla hamjabisha, kawasikilizeni kwanza mama zenu wakiwa kazini.