Mzeituni Namba Kumi na Saba

Majirani wa mtaa wa Tena walimjua Kaluki kwa makucha yake meusi. Kila mvua zilipokaribia kwisha alifunga begi lake, akapotea, na aliporudi alikuwa mweusi hadi kwenye mikunjo ya shingo. Wengine walikata shauri kwamba anachoma makaa huko anakokwenda. Akisikia hivyo roho ilimchafuka, maana kama kulikuwa na kitu alichokichukia Kaluki duniani ni makaa, na mama yake hakujua kupika kwa kitu kingine.

Siku nyingine zote alifuma sweta za shule kwa mashine, hapo hapo sebuleni. Lakini tangu msitu wa mlimani uungue, mwaka ule ule ambao baadaye El Niño ilizoa barabara na madaraja, alikuwa na kazi ya pili. Mirriam, mtafiti aliyesali naye kanisa moja, alimchukua kila msimu kwenda kuangalia jinsi msitu unavyochipuka baada ya moto.

Ilikuwa kazi ya magoti. Unaweka fremu ya mbao juu ya jivu, unainama mpaka pua iguse ardhi, unatafuta kila mche uliojitokeza na kuufungia uzi ili msimu ujao uutambue. Nyuzi zilikuwa mabaki ya sweta zake: maruni kwa miche ya mvua za kwanza, buluu kwa iliyofuata. Mvua ikishuka, jivu linageuka uji mweusi unaoingia kwenye soksi, kwenye nywele, hadi kwenye chai. Linanuka kama jiko lililomwagiwa maji machafu. Kaluki hakulizoea hata siku moja, lakini akiona kauzi kake ka maruni kameshikilia kimche kilichoongeza majani mawili, alicheka peke yake kama mwehu.

Juu ya miche hiyo ilisimama mizeituni mwitu michache iliyoponea moto, ile Wakikuyu huiita mutamaiyu. Hiyo ndiyo iliyoangusha mbegu. Ikiondoka, hakuna mama, hakuna watoto, na utafiti mzima hauna maana. Kwa hiyo kila mmoja ulipewa namba. Irungu, fundi wa jua kali wa Kariobangi, alikata vibati kutoka kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, akatoboa tarakimu kwa msumari, na Kaluki akavigongomea mitini kwa mkono wake mwenyewe. Alijivunia mno. Kyule, mdogo wake, dereva wa lori, alipompeleka huko mara moja na mizigo ya kambi, Kaluki alimwonyesha njia yote na kila mti.

"Mti wenye namba," alimwambia akijipiga kifua, "huo umeandikwa. Unajulikana."

Basi Jumapili moja mama yao, Muthoki, alikuwa anapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Mahindi yale hayana haraka. Yanakula makaa kutwa nzima, na siku hiyo makaa yalikuwepo tele, gunia zima alilolileta Kyule kama zawadi. Mama alilisifu gunia tangu asubuhi. Makaa mazito, alisema, hayarushi cheche, hayana udongo uliojazwa chini kama ya wale wezi wa sokoni. Walipokwisha kula alichokoa jivu, kikaanguka kitu kikalia.

"Ona sasa," mama alisema. "Na hawa pia wanatia mabati."

Kaluki alikiokota kwa kibano, akakipuliza. Kilikuwa kimekunjamana na kuwa cheusi, lakini matundu ya msumari yalisomeka. Kumi na saba. Mzeituni wa kando ya kijito, wenye miche mingi kuliko yote chini yake.

Alitoka mbio hadi kwenye mtaro wa nyuma, ule wenye povu la kijivu, akatapika kila kitu.

Kyule alimkuta hapo ukutani, akijifuta mdomo.

"Siste, vipi? Chakula imekukataa?"

Kaluki akamwonyesha kibati. Kyule alikitazama, na hakushtuka. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Aah, hiyo. Si hizo miti zilikuwa zimepitishwa? Huko msituni wanauza zile zimekufa na moto, na zenye zimeuzwa zinapigwa namba. Tajiri wa lori akaniuliza kama najua zenye ziko na namba. Nikamwambia najua zote."

"Ule mti haukuwa umekufa."

"Namba ilikuwa nayo."

"Na majani, Kyule? Hukuona majani?"

"Mimi ni dereva," alisema, akiangalia pembeni. "Majani si kazi yangu."

Kaluki alimtazama mtoto aliyembeba mgongoni, akaona kinyaa. Alikinai ile sauti yake laini, shati lake la Jumapili, meno yake yaliyokuwa bado na maharagwe. Alijikinai pia mwenyewe, kwa kuwa mkono uliopiga msumari ulikuwa wake.

"Mnarudi lini?"

"Wiki ijayo. Zile zingine."

Kesho yake alikuwa mlangoni kwa Mirriam kabla ya chai, na hakuficha jina la ndugu yake. Walipanda mlimani siku hiyo hiyo. Kwenye kituo cha msitu ofisa mmoja, huku akichokonoa jino, aliwaambia kwamba miti yenye namba ni miti iliyouzwa, kila mtu anajua hivyo, na akalirudia gazeti lake. Kaluki alitema mate nje ya mlango wake, makusudi, na ofisa akaona.

Kando ya kijito kulikuwa na kisiki na alama za matairi. Nyuzi za maruni na buluu zilikuwa zimesagwa matopeni pamoja na miche yake. Mirriam alizunguka kisiki mara kadhaa.

"Tukizing'oa namba," Kaluki alisema, "una utafiti gani tena?"

"Sina," Mirriam akajibu. Alilia kidogo, kisha akaomba nyundo.

Waling'oa vibati vyote. Kaluki alipaka matope kwenye kila tundu la msumari, mpaka hakuna aliyeweza kuutofautisha mzeituni huu na ule. Hata yeye, msimu ujao, hangeujua. Tena msimu wenyewe haungekuwepo.

Jumapili iliyofuata Kyule alikuwa mezani amekunja mikono ya shati, mama anapakua. Kaluki alisogeza sahani ya ndugu yake na kumwaga vibati vyote mbele yake. Kile cheusi kikaanguka cha mwisho.

"Haya," alisema. "Sasa hakuna mti uliopitishwa. Ukikata tena, umekata wewe."

Kyule alivikusanya polepole kwa kiganja, kama mtu anayetafuta pa kuviweka, na hakupapata. Mama alisimama na mwiko hewani.

"Kaluki, hutakula?"

"Nitakula, Mwaitu," Kaluki akamjibu mama, akivuta stovu ya mafuta taa kutoka chini ya mashine ya kufumia. "Najipikia."