Muhuri wa Getini

Fundi cherehani wa Makanyagio ana kawaida ya kubana pini midomoni. Mteja akija kuulizia gauni ambalo halijaguswa, yeye hubana pini tatu, huinamia kitambaa na kuguna, mpaka mteja achoke aondoke. Vidole vyake vifupi havijui kutulia. Hata kanisani hukunjakunja pindo la kitenge.

Asubuhi hii vimetulia. Jana alimuaga bintiye Leticia kwamba anakwenda msibani Magamba, kumbe yeye na mafundi wenzake watatu walikuwa uwanjani kwenye tamasha la muziki, wakicheza viatu mkononi na kuimba mpaka sauti zikakauka. Leticia, mtoto mwenye adabu, akawapasha majirani habari za msiba. Sasa wamekuja na unga na maharage, wamejaa mkekani.

"Pole, mama. Umelia mpaka sauti imekwisha!"

"Kwani aliyefariki ni nani?"

Fundi anachukua pini, anazibana midomoni.

"Mwacheni, ana uchungu," anasema Mama Kassiani, jirani wa ukuta mmoja, akimshika mkono kumfariji. Kanga aliyojitanda fundi inateleza. Kwenye mgongo wa kiganja kuna muhuri wa bluu waliogongewa getini kwenye tamasha, wenye picha ya gitaa na tarehe ya jana. Mama Kassiani anautazama kwa muda. Kisha anavuta kanga, anaufunika vizuri.

"Tusali," anasema. "Tumwombee marehemu."

Wote wanainamisha vichwa. Anayeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote ni Leticia.