Mama Mito wa Wodi ya Moyo

Muuguzi wa wodi ya moyo tulimwita Mama Mito, maana kila mgonjwa alimwegemeza kwa mito, alale ameketi. Wifi yangu alipokuja kumwona kaka yake, mume wangu aliyelazwa humo, alichukia.

"Kaka yangu analala kama abiria! Mwacheni alale kama watu."

Akaitoa mito, akamlaza chali. Punde kifua cha mume wangu kikatokota kama sufuria jikoni, midomo ikawa ya bluu. Nikapiga yowe, "Ee Mungu!"

Mama Mito alifika mbio, akamketisha, akamteremsha miguu, akamwekea oksijeni, kisha akamgeukia wifi. "Moyo wake umechoka kusukuma damu, dada. Akilala chali, maji yanajaa mapafuni."

Baadaye mume wangu akapata pumzi ya kusema, "Dada, una haraka gani ya kunirithi?"

Wifi akacheka huku analia. Mimi nilikitazama tu kifua cha mume wangu, nikiomba kisiache kupanda na kushuka.