Bibi Ngonyani Alivyonichukulia Woga wa Usukani

Niliondoka kijijini kwetu Mtua kwa sababu mke wangu Zuhura alisema hazai juu ya bodaboda. Alisema hivyo akiwa amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi, tumbo limemtangulia, na wala hakunitazama. Nikamwambia bodaboda za siku hizi zina siti pana. Akasema, "Basi panda wewe na tumbo lako."

Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Mawingu yalishaanza kujikusanya, na mvua ikishika, njia yetu ya kwenda hospitali Nachingwea inakuwa uji. Uani kwetu kuna gari, kirikuu ya kubebea korosho, nzima kabisa. Dereva wake ni mimi, mzima pia, leseni ninayo. Tatizo lilikuwa kutukutanisha sisi wawili.

Mvua zilizopita nilikuwa natoka mjini na Zuhura. Tulipofika korongoni gari likateleza, likalala ubavu wa kushoto ndani ya maji, na kushoto ndiko alikokaa yeye. Maji yaliingia dirishani yakamfika kidevuni. Mimi nilikuwa nimening'inia juu yake kwenye mkanda kama popo, na yeye amenishika shati. Watu waliokuwa wanalima karibu walikuja wakatutoa, hatukuumia. Lakini tangu siku ile nikikaa kwenye usukani na injini ikiwaka, nasikia maji. Pua inaziba, mikono inalowa, nashuka. Nimewasha na kushuka mpaka kuku wa pale nyumbani wakaacha kukimbia wakisikia gari linaunguruma.

Aliyenipa njia ni Hamza, rafiki yangu, dereva wa fuso. Alisema Ruangwa kuna bibi mmoja, nesi mstaafu wa wagonjwa wa akili, anatibu kwa hipnosisi. Nikamuuliza hicho ni chakula au dawa. Akasema unalazwa kwa maneno, akili inatulia, halafu bibi anaongea na woga wako wewe ukiwepo. Dada yake Hamza alikuwa hawezi kukaa chumba chenye mlango uliofungwa, na sasa analala na mlango kaubana kwa komeo. Ila bibi ana sharti moja: mwenye woga wa gari aje na gari.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumamosi, asubuhi na mapema. Hamza alikuwa anakwenda Namungo kwenye machimbo ya dhahabu kujaribu bahati, kwa hiyo akakubali kuendesha kirikuu mpaka Ruangwa. Kurudi nitajua mwenyewe. Zuhura alinifungia mihogo ya kuchemsha, akanisindikiza, akasimama hatua kadhaa kutoka mlango wa gari. Sikulitilia maanani hilo.

Kutoka Nachingwea mjini mpaka Ruangwa nilikaa upande wa abiria na nilifanya kazi kuliko dereva. Kila Hamza akikata kona nakanyaga breki ambayo haipo. Barabara kuna pande ni nzuri, kuna pande ni vumbi jekundu na malori ya kokoto, na mikorosho huku na huku. Hamza alikuwa anaimba. Nikamwomba aache, nahitaji kusikiliza injini. Akasema, "Oya Rajabu, injini haina neno na wewe. Wewe ndiyo una neno nayo."

Njiani nilikuwa na hofu mbili. Moja ya kurudi. Ya pili ya huyo bibi. Nilishaona kwenye simu za watu jamaa kalazwa hivyo akaambiwa yeye ni jogoo, akawika mbele ya ukumbi mzima. Nikajisemea, nikirudi Mtua nawika, Zuhura atazaa palepale kwa kucheka.

Tulifika Ruangwa jua limeshapanda. Nyumba ya bibi iko nyuma ya soko, bati jekundu, ndani makochi yana vitambaa vya kufuma, ukutani picha ya Bikira Maria na saa isiyotembea. Bibi mwenyewe mfupi, mnene, sauti kama ya mtu anayeita mbuzi. Akaniuliza jina na kwetu. Nikasema Rajabu, Mmwera wa Mtua. Akapiga makofi. "Mimi Ngonyani wa Songea. Kumbe ni mateka wangu amejileta mwenyewe, hata sijatuma mtu."

Hapo nikajua nimekwisha. Mngoni na Mmwera ni watani tangu enzi za vita vya mababu, na mtani hana adabu na wewe, wala wewe huna adabu naye, hata kama ana umri wa bibi yako. Nikamjibu kwamba mababu zake walikuja na mikuki na ngao safari yote ile, kumbe wanataka muhogo tu, wangesema wana njaa tungewapa. Akacheka mpaka akakaa. Halafu akainuka, akanivua kofia yangu, akaivaa. Nikabaki naitazama. Mtani akichukua kitu chako ndiyo kimekwenda. Ukimdai, aibu inakuwa ya ukoo mzima.

Baada ya chai akamtoa Hamza nje, akaniketisha kwenye kochi. Akaniambia hipnosisi siyo uganga, hakuna pepo, sitawika, na nikitaka kuamka naamka. Akasema nitazame kitasa cha mlango, nipumue polepole. Halafu akalainisha sauti, tamu kama ya mtangazaji wa redio saa za mapenzi: mabega yako yanalegea, macho yako yanakuwa mazito.

Nikaangua kicheko.

Akaanza upya. Nikacheka tena, safari hii machozi yananitoka. Bibi akakasirika kweli, akasema yupo kazini. Nikamweleza ukweli: "Mama, Mngoni akiongea na mimi kwa upole hivyo, mwili wangu unajua anataka kuniibia. Siwezi kulegea."

Akarudisha ile sauti yake ya mbuzi. "Funga macho, mla vya wenzio wewe. Legeza hayo mabega, unayabeba utadhani umeyaazima. Pumua. Hata kupumua Wamwera tuliwafundisha sisi."

Na mimi nikalegea. Sijui nieleze vipi. Matusi yalikuwa yanaingia kama maji ya uvuguvugu. Mikono ikawa mizito, nikawa nasikia soko kwa mbali, mtu anauza dagaa, na bibi ananitukana taratibu, kila tusi na pumzi yake. Sikulala. Nilikuwepo, ila nimekaa chini kabisa ya mwili wangu.

Akaniambia niwashe gari, lile la kichwani. Nikawasha. Akaniambia nishuke korongoni.

Woga ulinijia wote kwa mpigo. Niliona kioo kinaenda upande, nikaona maji ya udongo, nikaona nywele za Zuhura zinaelea. Pua ikaziba. Nilijua nimekaa kwenye kochi Ruangwa na bado nilikuwa nazama. Nikasikia mtu analia, kumbe ni mimi.

"Zuhura yuko wapi?"

"Chini. Kanishika shati."

"Alitoka?"

"Alitoka."

"Basi nipe huo woga."

"Siwezi, mama."

"Sijakuomba, mateka. Mtani haombi, anachukua." Akanishika kifundo cha mkono akabana, kama anavyopima mapigo. "Huu nimeshachukua. Ule wa kukufanya upunguze mwendo kwenye utelezi nakuachia, huo una kazi. Uliozidi ni wangu. Na ukithubutu kuudai, nitawatangazia Wangoni wote kwamba Wamwera wanadai."

Nilipofungua macho shati lilikuwa limelowa. Sikujisikia shujaa. Nilijisikia kama nyumba iliyohamwa. Bibi akasema mara moja haitoshi, nitarudi tena na tena, na katikati niendeshe kidogo kidogo kila siku, la sivyo akili inasahau. Palepale akakaa siti ya kushoto na kofia yangu kichwani, Hamza akapanda nyuma kwenye bodi. Nikaondoa gari. Likazima. Nikaondoa tena, tukazunguka mitaa ya nyuma ya soko, bibi anawapungia watu mkono kama mgombea. Tulipofika mwisho wa mji akashuka, akasimamisha pikipiki ya kumrudisha. Hamza naye akachukua begi lake. Akanipiga bega, akasema ya kwake Namungo ni ya kutisha zaidi, shimo halina usukani.

Mchana ule barabara ya kurudi Nachingwea ilikuwa yangu peke yangu, na sikuwahi kuona barabara ndefu vile. Lori la kokoto likaja nyuma yangu linapiga honi, nikasogea pembeni likapita, likaniachia vumbi, na ndani ya vumbi nikasikia maji. Nikasimama. Nikazima injini. Mkono ulikuwa kwenye kitasa tayari, mazoea. Nikajua nikishuka hapa nitaliacha gari, nitapanda basi, na mvua zitanikuta Mtua na bodaboda.

Ndipo nikagundua nafanya nini. Nilikuwa naudai. Woga ulikuwa wa bibi, na mimi nimekaa njia ya Nachingwea kama mdai asiye na haya, nataka nirudishiwe. Nikaona mababu wote wa Kimwera wamejipanga kwenye mikorosho wananitazama. Nikasema kwa sauti, peke yangu garini, "Sidai." Nikawasha. Niliogopa kilomita zote zilizobaki, ila niliogopa huku naendesha, na nilikuwa sijui kama inawezekana.

Korongoni kwetu nilifika jua limelala. Maji hayakuwepo, mchanga mkavu tu. Nilishuka nikavuka kwa miguu kwanza, nikarudi, nikavuka na gari kwa gia namba moja. Mama mmoja aliyebeba kuni alisimama kuniangalia, akauliza kama nimepoteza kitu.

Nilipoingia uani kuku walikimbia. Zuhura alitoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga. Nikamwambia apande tuzunguke mpaka shuleni na kurudi, nimeshakuwa dereva. Akasogea. Alipofika zile hatua kadhaa kutoka mlangoni, akasimama, palepale aliposimama asubuhi. Nikaona mkono wake umeshika kanga kifuani, umeishika kwa nguvu mpaka vidole vimebadilika rangi.

Miezi yote ile nyumbani kulikuwa na woga mmoja tu, wa kwangu, tunauhudumia kama mgeni. Hakuna aliyemuuliza mtu wa upande wa kushoto. Yaani nimesafiri mpaka Ruangwa na kurudi ndiyo nikajifunza kumtazama mke wangu akisogelea gari.

Nikashuka, nikamfungulia mlango. Nikamwambia tunaweza kuacha, tukaenda wote kwa bibi wiki ijayo. Akatazama mawingu, akatazama siti.

"Wewe bado unaogopa?" akauliza.

"Naogopa."

"Mimi pia." Akashika bega langu, akapanda, akauvuta mkanda akaupitisha chini ya tumbo. "Washa."