Tone Lililobaki Jichoni mwa Abdulhalim

Baba yangu, Abdulhalim, alikuwa mshona kofia wa Mji wa Kale. Jicho lake la kushoto lilikufa kwa surua angali mtoto. Kofia zote alizitoboa na kuzishona kwa jicho moja la kulia. Mwaka wa tisini na saba, hilo nalo pazia lake la ndani likabanduka. Tukampeleka Nairobi, akapasuliwa.

Daktari alitueleza wazi. Alikuwa ametumia maji mazito kulirudisha pazia mahali pake, akayatoa, lakini tone moja limenasa chini yake.

"Maji haya huzama. Mzee akae wima, hata kulala alale ameketi. Akilala chali, tone litateremkia katikati, pale anapoonea. Wala asiiname. Mrudi baada ya wiki tatu."

Nikamtandikia kitini, nikamfunga leso kifuani asianguke. Shingo ilimuuma, hakulalamika. Nililalamika mimi kwa niaba yake. Ulimi wangu haujui kupumzika.

Swala ndiyo iliyomtia hofu. Maalim Khubaib wa msikitini alimwambia mgonjwa huswali ameketi, akiashiria rukuu na sujudu kwa kichwa. Akishindwa kuketi, ndipo alale chali, miguu kibla. Baba akaona hata kuashiria ni kuinama, akachagua kulala chali bila kuniambia, akidhani daktari alikataza usingizi tu. Huswali mlango umefungwa, ndiyo ada yake. Mimi nje nilisikia dua zikirefuka, nikafurahi. Mjinga mimi!

Wiki ya tatu akaniambia, "Nasiha, katikati pana duara jeusi. Nikikutizama, uso wako siuoni, naona buibui ulilovaa tu."

Tukarudi Nairobi. Daktari akammulika, kisha akauliza, "Mzee amekuwa akilala chali?"

"Hata siku moja!" nikamrukia. "Nimemfunga kitini kwa mikono yangu!"

Baba akanigusa mkono. "Wakati wa swala tu, daktari. Mara tano kwa siku. Na nikimaliza husalia pale pale, nikiliombea jito langu lipone."

Daktari akasema tone anaweza kulitoa, lakini mahali lilipokalia pameshaharibika. Kofia hatashona tena. Nilitaka mtu wa kumlaumu, nikamkosa.

Adhuhuri ikaadhiniwa tungali barazani mwa hospitali. Nikamtandikia mswala. Baba akasimama mbele yake, machozi yakimtoka.

"Nasiha mwanangu, sasa nitamuomba Mngu nini?"

Nilikaa chini kando yake nikalia, mbele za watu.